Kutoka Shela hadi Shela kwa baiskeli: daftari la madeni

Mtu wa Shela

Wanajamvi, salaam. Uzi huu nauandika kwa kusutwa. Juzi mke wangu alikuwa akipanga rafu za duka, akakuta daftari kuukuu na spana iliyofungwa kitambaa. "Hii spana ya nani?" Nikababaika kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Spana si yangu. Nitafika huko.

Kwa wasiojua, Malindi tuna mtaa unaitwa Shela, na Lamu wana Shela yao, ile ya vilima vya mchanga. Mwaka juzi mwezi wa Agosti tulikuwa barazani, kahawa mkononi, Mwalimu (ni mwalimu kweli, wa shule ya msingi) akasema kila mtu mtaani ameshakwenda Lamu kwa basi, lakini nani aliyetoka Shela akaingia Shela kwa baiskeli? Watu wakacheka. Nami nikacheka. Wiki ya pili nilikuwa nafunga keria.

Tulikuwa wanne. Mimi, mwuza misumari na makufuli, kitambi kidogo. Mwalimu. Mpwa wangu wa miaka 19 mwenye nguvu za bure. Na dada yangu wa mwisho, muuguzi, ambaye hakualikwa, alijialika. Tulipomwambia njia ni ndefu akauliza, "Nani kati yenu anajua kufunga kidonda?" Basi, tukawa wanne.

Mimi na Mwalimu tulikuwa na zile baiskeli za gia za mitumba, magurudumu ya 26. Mpwa kachukua Black Mamba ya marehemu babu yake, chuma kitupu, haina gia hata ya kuota. Sote tulimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili alitucheka yeye.

Kabla ya kuondoka tulipita kwa mzee mmoja, nahodha mstaafu, kumuaga. Hakuuliza habari ya tairi wala maji. Aliuliza mwezi. Tulipomwambia Agosti akatikisa kichwa kukubali: "Kusi iko mgongoni mwenu. Mtasukumwa. Lakini kurudi msijaribu, rudini na basi." Ndiyo hesabu ya majahazi tangu enzi: kusi, takriban Aprili hadi Septemba, inakupeleka kaskazini; kaskazi ya Desemba hadi Machi inakurudisha. Mimi nimezaliwa Pwani na sikuwahi kufikiri kwamba upepo wa jahazi ni upepo wa baiskeli pia. Ukienda Lamu mwezi wa Januari utakanyaga pedeli kama unapanda mlima, na mlima wenyewe huuoni.

Sasa daftari. Mimi ni mtu wa duka, siwezi kutoka bila kuandika. Ukurasa wa kushoto niliandika matumizi. Wa kulia niliuacha mtupu kwa ajili ya dharura. Ikawa kila mtu anayetupa kitu akikataa pesa, naandika kulia: nani, wapi, nini. Mpaka tunafika Minjila upande wa kulia ulikuwa umejaa na wa kushoto una mistari sita.

Naendelea usiku, kuna mteja.

Kaskazini Hodi

Naketi hapa na mkeka wangu. Usitukatie njiani kama wale wengine.

Mzigo wa Tanga

Mkuu, nipo Tanga, nina ndoto ya kwenda Pangani mpaka Saadani kwa baiskeli. Endelea kushusha. Swali dogo: mlibeba maji lita ngapi?

Mtu wa Shela

Mzigo wa Tanga, kila mtu lita tano kwenye dumu dogo la mafuta ya kupikia, limefungwa keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mpira wa tyubu haulegei kama kamba. Nyumba zikikaribiana lita tano zinakutosha kuoga. Baada ya Marereni hazitoshi kitu.

Haya. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukitoka Malindi unashuka hadi daraja la Sabaki, mto ule ule unaoitwa Athi kule juu na Galana katikati. Maji yake mekundu ya udongo yanaingia baharini pale, ndiyo sababu bahari ya Malindi mjini hubadilika rangi mvua zikinyesha bara. Kupanda kutoka darajani ndipo nilipojua kitambi changu kina uzito gani.

Mambrui tulifika jua ndio kwanza linapasha. Tukaegemeza baiskeli karibu na lile kaburi la mnara lililopambwa mabakuli ya Kichina. Mwalimu akaanza somo: mabakuli ya Uchina, biashara, twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mpaka kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Mpwa akauliza, "Twiga alikwenda na kusi au na kaskazi?" Mwalimu akanyamaza, nadhani mara ya kwanza maishani.

Hapo ndipo mstari wa kwanza wa kulia. Mama mmoja alikuwa akikaanga mahamri nje ya nyumba. Tulinunua ya shilingi 100, akatufungia, tukala na mbaazi. Tulipotaka kuondoka akamwita dada pembeni, akamtia mfukoni kifurushi kingine. Dada akatoa pesa. Yule mama akasema, "Ya kwanza nimeuza. Hii nimetoa. Usinichanganyie hesabu."

Gongoni ni nchi ya chumvi. Mashamba ya maji yametandazwa hadi upeo wa macho, na kando yake vichuguu vyeupe vya chumvi, virefu kuliko nyumba, vinang'aa mpaka unafumba macho. Upepo unabeba chumvi, midomo ikakauka, mnyororo wangu ukaanza kulia. Ukipita huko pakaa mnyororo mafuta mapema, usingoje ulie.

Halafu tukafika mahali paitwapo Fundi Isa, na hapo, wallahi, hatukupata fundi. Tairi la nyuma la Mwalimu lilipasuka, si pancha ya kuziba, tyubu imechanika kama mdomo wa papa. Ya akiba tulikuwa nayo moja na tulishaitumia. Jua la saa tano. Tumekaa chini ya mwembe tukitazamana.

Akatokea baba mmoja anasukuma baiskeli yake, mzigo wa makuti umefungwa nyuma. Akauliza, tukamweleza. Hakusema neno. Alishusha makuti, akapindua baiskeli yake, akachomoa tyubu ya gurudumu la mbele, akampa Mwalimu. Mwalimu akagoma kuipokea. "Na wewe utakwendaje?" Akajibu, "Mimi nimefika. Nyumba ile pale. Leo sitoki tena."

Pesa akakataa. Tulipong'ang'ania akasema, "Mnaenda Lamu? Basi mkifika msikiti wa Riyadha mniombee dua." Akajitwisha makuti kichwani, baiskeli akaiburura kwa mkono, tairi la mbele linapiga chini pwata pwata. Ile sauti ninayo hadi leo.

Fundi Spoki

Ngoja kwanza. Baiskeli ya mzee wa makuti bila shaka ni 28, na wewe umesema zenu ni 26. Tyubu ya 28 imeingiaje kwenye tairi la 26? Hadithi nzuri lakini sisi wengine tunaishi kwa kazi hii.

Mtu wa Shela

Fundi, umenishika, na una haki ya kuuliza. Ilikuwa 28. Mpwa aliikunja sehemu moja, akaipaka unga wa mtoto uliokuwa kwenye mkoba wa dada, tukaijaza upepo nusu. Gurudumu lilikuwa na kinundu, Mwalimu alikwenda akidunda kama aliyepanda ngamia mpaka Marereni. Marereni tukapata ya 26 dukani.

Fundi Spoki

Hapo sawa. Ikikunjwa inakwenda, ila si mbali. Samahani kwa kukatiza.

Bint Mambrui

Nimecheka na "usinichanganyie hesabu". Hayo ni maneno ya mama zetu kabisa. Shem, huyo dada yako alipokewaje njiani? Mwanamke juu ya baiskeli, safari ya siku kadhaa, na wanaume watatu? Nauliza kwa sababu mimi nikitoka na baiskeli mpaka Gongoni tu, maneno yananifuata mpaka nyumbani.

Mtu wa Shela

Bint Mambrui, nimempa simu ajibu mwenyewe, naandika anavyosema: "Maneno yapo. Gongoni vijana walinipigia mluzi, Marereni bibi mmoja aliniuliza mume wangu yuko wapi na kwa nini ameniruhusu. Nikamwambia sina mume, nina kaka, ndiye huyo anahema. Akacheka, akaniingiza ndani." Alivaa suruali pana, deira fupi juu yake na mtandio umefungwa nyuma usiingie kwenye spoki.

Na mimi niongeze. Bila yeye tungelala nje. Sisi wanaume tulikuwa tunaishia barazani, tunapewa maji, tunaulizwa habari za Malindi, basi. Yeye anaitwa uani. Akirudi ameshajua nani ana chumba, nani ana mgonjwa, kisima kipi kina maji matamu. Usiku wa kwanza Marereni tulilala kwenye chumba cha madrasa kwa sababu mke wa mwalimu wa madrasa alikuwa na mtoto mwenye kidonda cha mguu, dada akakisafisha na kukifunga. Kwa hiyo ile sikuandika kulia. Ile tulilipa. Au alilipa yeye.

Kaskazini Hodi

Siku ya pili tafadhali. Mkeka umeanza kunichoma.

Mtu wa Shela

Siku ya pili. Marereni hadi Minjila. Wanaokwenda Lamu kwa basi hapa ndipo wanapolala usingizi, na hawakosi kitu cha kutazama: barabara imenyooka, vichaka, joto linacheza juu ya lami. Kusi ilitusukuma vizuri, lakini upepo wa mgongoni una hila yake. Hauusikii usoni, haukupozi, unaoga jasho kama uko ndani ya chungu. Mtu wa upepo wa mbele anateseka kwa miguu, mtu wa upepo wa nyuma anapikwa.

Halafu mathenge. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mathenge ni mti wa miiba ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa lisienee. Jangwa sijui, lakini mti umeenea. Unakula malisho, unaziba njia za mifugo, na mbuzi wakila maganda yake mengi meno yao yanaharibika. Mwiba wake ni mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Pancha saba. Saba! Zote ni zetu wenye gia. Black Mamba na matairi yake manene ya babu haikupata hata moja, na mpwa hakuacha kutukumbusha.

Pancha ya sita gundi ikaisha. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara, maji ya dumu yamekuwa ya moto, saa sita kamili. Akaja kijana wa Kiorma na ng'ombe wake, fimbo mabegani. Kiswahili chake kidogo, Kiorma chetu hakuna. Akachuchumaa, akashika tairi langu, akalipapasa kwa ndani kwa ncha za vidole pole pole, akatoa vipande vitatu vya miiba ambavyo sisi tulikuwa hatujaviona. Kumbe mwiba ukiung'oa kwa nje ncha yake inabaki ndani ya mpira, ukiziba pancha inatoboa tena palepale. Yaani pancha zetu saba labda zilikuwa mbili.

Akatazama midomo yetu. Akaenda, akarudi na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Mimi maziwa ya moshi sikuwahi kuyanywa, dada akaninong'oneza, "Kunywa, usitufedheheshe." Nikanywa. Nikaomba tena. Tulitaka kumpa pesa, akaitazama noti kama ambaye hajui tunataka aipeleke wapi. Na kweli, duka liko wapi pale? Mpwa akampa kofia yake. Akaivaa akaondoka nayo, na kwa mbali tukaona anaivalisha ndama.

Gundi ilitoka kwenye lori la mifugo. Dereva alitupita, akapunguza mwendo, akarudi nyuma kinyumenyume mita kama mia. Tanboi akachungulia: "Mna shida gani?" Gundi, tukasema. Akatupa kopo kutoka dirishani, lori likaondoka kabla hatujaliokota. Sikuona hata namba ya gari. Daftarini nimeandika: "Lori, kopo la gundi, nusu." Deni la namna hiyo unalipia wapi?

Sina Makuu

Mimi nitasema ambalo wengine hawasemi. Hizi hadithi za "watu wakarimu wa Pwani" zinanichosha. Mzee wa makuti huenda tyubu ile ndiyo ilikuwa tyubu pekee. Kesho yake alikwenda shamba kwa miguu. Nyinyi mmepita kujifurahisha, mna kazi, mna duka, halafu masikini ndiye anayewagharamia, na mwisho anapewa sifa mtandaoni. Na mtu akitoka Mambrui kuja Malindi mjini kwa baiskeli ikaharibika mbele ya duka lako, nawe utachomoa tyubu yako?

Bint Mambrui

Umemwambia kwa ukali lakini ni kweli kidogo.

Kaskazini Hodi

Mwacheni amalize jamani.

Mtu wa Shela

Si kidogo, Bint. Ni kweli sana. Sina Makuu, nakujibu bila hasira.

Usiku wa Marereni Mwalimu alilisema hilo hilo, na hatukulala vizuri. Ukikataa umemtukana aliyetoa. Ukipokea umempunguzia. Ukilipa pesa taslimu umegeuza nyumba yake kuwa hoteli. Tulichoamua ni cha kizamani tu: kila nyumba tuliyoingia baadaye tuliacha kilo ya sukari na majani ya chai, tena si mkononi mwa mwenye nyumba. Tunampa mtoto wakati wa kuondoka, "mpelekee mama", na baiskeli tayari zinakwenda. Hakuna anayerudisha sukari iliyoletwa na mtoto.

Tyubu ya mzee wa makuti tulimpelekea mwezi wa Septemba, mbili mpya za 28 na tairi. Mpwa ndiye aliyekwenda. Alipokewa na mke, mzee yuko shamba. Kwa miguu, ndiyo. Hilo sikuliandika mwanzo kwa sababu linaniuma.

Na swali lako la mwisho. Kabla ya safari ile, nisingechomoa. Ningemwuzia, labda kwa punguzo. Sasa hivi sijui, nadhani ningemwazima pampu na kumtolea kiti akae kivulini. Mimi ni mtu wa duka, msinitie utakatifu.

Mzigo wa Tanga

Jibu la kiume hilo. Mkuu, vipi usalama? Nasikia barabara ya Lamu ina mambo yake.

Mtu wa Shela

Nilikuwa nakuja hapo. Na hapa mtu asinifuate kichwa kichwa. Ukanda wa Witu na Hindi umewahi kushambuliwa na watu wakafa, si jambo la mzaha. Sisi mpango wetu tangu nyumbani ulikuwa kufika Minjila, njia panda, kisha kuwauliza polisi wa kizuizini. Wakiruhusu tunakwenda, wakikataa tunapanda basi. Afisa alitusikiliza, akazitazama baiskeli, akasema, "Hapa baiskeli zinapumzika." Mwalimu akataka kujadiliana. Afisa akasema, "Mwalimu, wewe darasani kwako ukisema kalamu chini, wanajadiliana?" Ikaisha.

Kwa hiyo wanaotaka kusema hatukufika Shela kwa baiskeli, semeni, ni kweli. Kipande cha Minjila hadi Mokowe, zaidi ya kilomita 100, tulikipita ndani ya basi, tukauvuka mto Tana kwa kuchungulia dirishani. Ukienda, uliza kwanza, maana hali hubadilika, na usitembee usiku.

Basi lina buti ndogo. Kondakta akasema baiskeli ziingie zikiwa zimefunguliwa pedeli na usukani umegeuzwa, la sivyo anatuacha. Pedeli zinataka spana ya 15, na yetu ilikuwa imebaki chini ya mathenge fulani. Chini ya mwarobaini palikuwa na fundi mzee, mabomba ya pampu yamemzunguka. Alifungua pedeli zote nane haraka kuliko ninavyoandika (ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, mpwa alikuwa anaikaza akidhani anaifungua). Basi linapiga honi. Nikauliza, "Na Mokowe tutafungia nini?" Akanitia spana mkononi. "Nenda nayo. Mkirudi mtanipa." Spana ina kutu, mpini umefungwa mpira. Kwa fundi, hiyo ni nusu ya kibanda.

Fundi Spoki

Spana ya 15 nyembamba ya pedeli haipatikani hovyo. Huyo mzee alikupa mkono wake wa kulia.

Mtu wa Shela

Najua. Ndiyo maana nikababaika.

Nimalizie Lamu. Mokowe tulifunga pedeli gatini, watu wamekaa wanatutazama kama sinema. Boti ya abiria, kila mtu nauli yake, nahodha akahesabu baiskeli kama watu, wanane. Katikati ya mkondo akasikia tumetoka Malindi kwa kukanyaga. "Mumetoka Malindi na hizi?" Akarudisha nauli ya baiskeli. "Hizi zimetembea, haziwi mizigo."

Lamu mjini baiskeli ni ya kusukuma tu. Vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya mtu na punda, na punda ana haki ya njia kuliko wewe. Watoto wakatuzunguka: "Punda hawa hawali?" Mzee mmoja kwenye baraza akatuita, "Ndooni, yua kali." Akatuuliza tumetoka wapi. Mpwa, bila kufikiri: "Shela." Mzee akanyoosha kidole kusini: "Shela ni kule. Mbona mumetokea gatini?" Mwalimu ndiye aliyefafanua, na kufafanua kwenyewe kulimaliza mabirika mawili ya kahawa.

Si wote. Nyumba moja ya wageni, jina silitaji, ilitutoza bei ya watalii wa Ulaya na bafuni hapakuwa na maji. Dada akamwambia mwenyewe, "Baba, Kiswahili tunakijua wote." Akapunguza kidogo, kwa shingo upande.

Ijumaa tuliswali Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na Mwalimu akamwombea mzee wa makuti dua ndefu mpaka mpwa akanikanyaga mguu. Jioni tukashika njia ya pwani kwenda Shela, kilomita kama tatu. Hatukuangalia maji. Njia ile maji yakijaa yanapiga ukutani. Tulifika Shela saa moja usiku, baiskeli mabegani, maji kiunoni, chumvi kwenye kila mnyororo. Tukagusa ukuta wa nyumba ya kwanza. Dada akasema, "Haya, Shela. Nani ana sabuni?"

Kurudi ilikuwa basi, kama nahodha alivyosema. Tulipita Minjila Ijumaa iliyofuata, saa saba, watu wako msikitini, kibanda kimefungwa. Dereva akasema dakika mbili. Nilisimama na spana mkononi, sikumwamini yeyote wa kumwachia. Nikapanda. Ndiyo mwaka juzi hiyo.

Kaskazini Hodi

Watu wote uliokutana nao walikuamini na spana, gundi, tyubu. Wewe ukashindwa kumwamini mtu mmoja na spana.

Mtu wa Shela

Ndiyo. Mke wangu alisema hivyo hivyo.

Siti ya Dirishani

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Niko kwenye basi la njia hiyo, Mombasa hadi Mokowe. Fundi wa mwarobaini Minjila namjua, mzee wa kofia ya kijani. Yuko. Jumanne nitasimama Malindi stendi asubuhi. Lete.

Mtu wa Shela

Nimempa leo. Niliisafisha kwa mafuta ya taa na msasa mpaka ikang'aa, nikabadilisha mpira wa mpini. Nimefunga pamoja makopo manne ya gundi na vipande viwili vya msasa wa tyubu. Nasubiri.

Bint Mambrui

Sisi pia.

Siti ya Dirishani

Imefika. Nilimpa mwenyewe mkononi, nikamwambia ni ya wale wanne wa baiskeli waliokwenda Lamu. Anawakumbuka, ameuliza habari za yule mwanamke. Gundi amepokea. Spana ameigeuza geuza sana, akasema hii si yake, yake ilikuwa na kutu. Nikamwambia imesafishwa. Akasema hapana, hii ni ya mtu mwingine, lakini ataiweka mpaka mwenyewe apite.